UZI: Domeini za bei mbaya: zinauzwaje, zinanunuliwaje, na mtu wa Kigoma au Tabora anapigwa wapi

#1 Ujiji_Digitali (Kigoma)

Wakuu, mwakeye.

Kuna ubishi unaojirudia kwamba jina la tovuti, maneno mawili na nukta, haliwezi kuuzwa kwa hela ya kununulia kiwanja Katubuka. Linauzwa, tena mengine kwa hela ya kununulia mtaa mzima. Voice.com iliuzwa 2019 kwa dola milioni 30, jina tupu. 360.com ilikwenda kwa milioni 17 mwaka 2015, Hotels.com kwa milioni 11 mwaka 2001. Chat.com ilinunuliwa 2023 kwa milioni 15.5, na mwaka uliofuata ikawa mikononi mwa OpenAI. Elon Musk mwenyewe alisema Tesla.com iliwagharimu kama milioni 11 na zaidi ya miaka kumi ya kuifukuzia.

Ila orodha hizi zina mtego. CarInsurance.com hutajwa kwa milioni 49.7 mwaka 2010, lakini pale iliuzwa biashara nzima iliyokuwa tayari inaingiza wateja. Kiwanja kitupu na nyumba yenye wapangaji haviwekwi kwenye mzani mmoja.

Msingi wa bei ni uhaba. Majina ya .com ya herufi mbili ni 676 tu duniani, ya herufi tatu ni 17,576, na yote yalishachukuliwa zamani. Maneno ya kawaida ya Kiingereza vilevile. Kampuni yenye fedha ikilitaka jina haina pa kwenda isipokuwa kwa mwenye nalo, na mwenye nalo hana haraka, kwa sababu kulishikilia kunamgharimu dola kumi na kitu kwa mwaka. Bei ya jumla ya .com, ile ambayo msajili (kampuni inayokusajilia jina) anamlipa Verisign, msimamizi wa .com, ilipanda hadi dola 10.26 Septemba 2024. Juu yake kila msajili anaweka cha juu chake. Mmoja ana shida, mwingine ana subira. Bei inazaliwa hapo.

Jambo jingine ambalo wanaoanza hawaambiwi: domeini haimilikiwi kama shamba. Unapata haki ya kuitumia kwa mkataba, mwaka mmoja hadi kumi mbele, basi. Ukiacha kulipia inarudi sokoni, hata kama uliinunua kwa milioni mia.

Uzi uko wazi. Wajuzi wa minada, eskro na kesi waje.

#2 AsaliMbichi (Tabora)

Mwangaluka, wakuu. Nachukua upande wa Kiswahili, maana tunajadili kana kwamba hela yote iko California.

"Safari" na "simba" ni maneno yetu na dunia nzima inayajua. Majina ya daraja hilo yana mnunuzi wa ndani na wa nje, ndiyo maana kwenye .com huyakuti kwa bei ya kawaida. Chini yake kuna daraja la pili: asali, mawese, dagaa, nauli, shamba. Neno moja, herufi chache, linatamkika. Hilo lina maisha. Ukianza kuunganisha vitenzi, Kiswahili kinakutupa mkono: "tunakuuziamawese" ni sentensi nzima, hakuna atakayeiandika bila kukosea. Kipande kimoja kabla ya nukta kinaruhusiwa hadi herufi 63, lakini kibiashara mimi naishia 12.

Kipimo changu ni simu. Litamke mara moja, mtu aliye kwenye kelele za stendi aliandike. Angalia mambo matatu ambayo vitabu vya Wazungu havina: R na L (asali/asari, karibu/kalibu), H inayodondoka mwanzoni (hela/ela), na DH inayogeuka Z (dhahabu/zahabu). Jina lenye moja ya hayo linavuja. Atakayelitumia kwa umakini itabidi anunue maandishi yote mawili na kuelekeza moja kwenye jingine, kwa hiyo gharama hiyo itolewe kwenye bei unayotajiwa. Tarakimu nayo ni balaa: ukisema "dagaa mbili" kwa simu, mmoja ataandika 2, mwingine ataandika neno. Jina lenye kistari sitoi hata robo ya bei ya lisilo nacho.

#3 Ujiji_Digitali (Kigoma)

@AsaliMbichi kipimo cha simu nimekipenda. Lakini kabla watu hawajakimbilia kusajili kamusi nzima, tufanye hesabu.

Majina 100 ya .com kwa dola 11 ni 1,100 kwa mwaka. Wanaoishi na biashara hii huhesabu kuuza jina moja au mawili kwa kila mia kwa mwaka, na hapo majina yenyewe yawe mazuri. Chukua moja. Soko linakata asilimia 20. Ili urudishe 1,100 jina hilo lazima liuzwe 1,375, na bado hujala hata migebuka. Mwaka wa kwanza ukipita kavu, wa pili umeshatoa 2,200, na jina hilo moja linatakiwa kufika 2,750 ndipo urudi sifuri. Niambie ni duka gani la asali pale sokoni Tabora litatoa 2,750 kwa jina.

Tazameni pia bei ya kuhuisha, msitazame ya kuingilia tu. Vimalizio vipya vilivyoanza kufunguliwa 2014, akina .xyz na .online, hupewa mwaka wa kwanza kwa bei ya pipi, mwaka wa pili bei inapaa. Kuna majina ambayo msimamizi wa kimalizio ameyatenga kuwa ya daraja la juu: unalipa mamia ya dola kila mwaka, si mara moja. Na .ai, ambayo ni ya kisiwa cha Anguilla, haisajiliwi chini ya miaka miwili kwa mpigo. Mtu anaona bei ya mwaka mmoja kwenye tangazo, kwenye kikapu inatokea mara mbili, anadhani mtandao umemwibia.

#4 AsaliMbichi (Tabora)

Hesabu nakubali, hitimisho sikubali. Mnunuzi wa jina la asali si duka la sokoni. Ni anayesafirisha nje, ambaye kontena moja la asali ya miombo ni hela kubwa kuliko jina lolote tulilotaja, na mteja wake wa Ulaya anamtafuta kwa jina kabla hajaionja. Kosa ni kununua mia. Nunua matano ambayo kwa kila moja unaweza kuandika kwenye karatasi kampuni kumi halisi zenye sababu ya kulitaka. Ukikwama kwenye kampuni ya tatu, achana nalo.

#5 Behewa_la_Tatu (Tabora)

Niongezee wanakotoa majina mazuri kwa bei nafuu: yaliyoisha muda. Watu wengi wanaamini jina likiisha leo, kesho unalisajili. Haiendi hivyo, na wanaosubiri hivyo husubiri miezi wakaambulia patupu.

Kwa .com, siku ya kuisha jina halifi. Msajili ana muda wa neema wa hadi siku 45 ambamo mwenyewe bado anaweza kulihuisha, mara nyingi kwa bei ya kawaida. Ndani ya siku hizo hizo, mara nyingi kuanzia wiki ya nne, wasajili wakubwa hulipeleka mnadani kwao. Akipatikana mshindi na mwenyewe asirudi, jina linahamia kwa mshindi moja kwa moja, wala halipiti tena sokoni. Lisipopata mtu linafutwa na kuingia siku 30 za ukombozi: mwenyewe bado anaweza kulikomboa, ila kwa faini, ambayo mara nyingi ni makumi ya dola juu ya ada. Halafu siku 5 za kusubiri kufutika, hapo hakuna anayeweza kuligusa. Ndipo linadondoka.

Kwa saa zetu .com huanza kudondoka kama saa tatu usiku, au saa nne kipindi ambacho Marekani wamerudisha saa zao nyuma. Usikae na simu ukibonyeza. Kampuni kama DropCatch na SnapNames zina mitambo inayotuma maombi kwa kasi ambayo kidole hakina habari nayo. Unaweka oda mapema. Wakilipata na mko wawili au zaidi mlioliomba, linaingia mnadani. Wakilikosa, kwa kawaida hulipi.

Kwenye mnada weka kikomo chako kabla na ukiandike. Nyingi zinajiongezea dakika kila mtu anapopandisha dau mwishoni, kwa hiyo ule ujanja wa kuingia sekunde ya mwisho haufanyi kazi, unakuchosha tu.

Majina ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yana ratiba yake, usiyapimie kwa hesabu ya .com.

#6 Mama_Kibirizi (Kigoma)

Habari zenu vijana. Naomba msaada, na mniandikie kwa lugha ya kawaida. Nauza dagaa na mawese kwa jumla. Jina la biashara yangu kwenye .com limechukuliwa, ukifungua unakuta ukurasa mtupu umeandikwa linauzwa dola 4,888. Hiyo ni zaidi ya milioni kumi za hapa. Nilipe, nibembeleze, au niachane nalo?

#7 Kwihara (Tabora)

Shikamoo mama. Usilipe wala usibembeleze kwanza. Lichunguze, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na kumbukumbu za usajili. Zamani ilikuwa WHOIS. Tangu Januari 2025 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, imehamia RDAP, na unaitafuta bure kwenye lookup.icann.org. Jina la mwenyewe hutaliona, karibu yote yamefichwa tangu sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza Mei 2018. Wewe soma tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha, na msajili. Kama lilisajiliwa miaka 15 iliyopita, huyo anajua anachofanya. Kama lilisajiliwa miezi mitatu baada ya wewe kuandikisha jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), hiyo ni habari nyingine, nadhani kuna mtu ataigusa hapa chini.

Pili, historia. Ingia web.archive.org uone lilikuwa na nini miaka iliyopita. Majina mengi yaliyoisha muda hununuliwa na watu wa kubeti au wa picha chafu, yanakamuliwa mwaka mmoja kisha yanatupwa. Liangalie pia Spamhaus, wanaoorodhesha watuma barua taka: kama liliwahi kutuma barua taka, utaandikia wateja ankara na hazitafika, zitaishia kwenye takataka. Jina la namna hiyo halisafishiki kwa wiki moja, na muuzaji hatakuambia.

Tatu, bei. NameBio ni kanzi ya mauzo yaliyokwisha kufanyika. Tafuta majina yanayofanana na lako, kimalizio kilekile, uone yalilipiwa ngapi. Usitumie bei WANAZOOMBA watu, hizo ni ndoto. Na mashine za kukadiria thamani zinafaa kwa maneno ya Kiingereza. Kwa Kiswahili zinabahatisha, ukizipa "mawese" hazijui hata kama ni chakula.

Hiyo 4,888 inaonekana ni bei iliyobandikwa kwenye mamia ya majina kwa mpigo. Muuzaji wa aina hiyo hupunguza. Andika kwa barua pepe ya kawaida isiyo na jina la kampuni, sentensi mbili: unapendezwa na jina, bajeti yako ni kiasi fulani. Taja robo hadi theluthi. Ukitaja dola 50 hujibiwi, na ukituma hadithi ndefu ya upanuzi wa biashara umemwonyesha pochi. Akikataa nyamaza wiki tatu. Tarehe yake ya kuisha ikikaribia, mwenye majina mengi hufanya usafi na hupokea alichokikataa.

Sasa la msingi: unalihitaji? Kama wateja wako wako Dodoma, Mwanza na Dar, .co.tz inakutosha kabisa na inasajiliwa kwa ada ya kawaida. Kama una wateja wa Bujumbura, Uvira na Kalemie, .com ina uzito, kwa sababu mtu wa nje hukamilisha jina kwa .com bila kufikiri. Na hapo kuna hatari ambayo watu hawaioni: akikosea kuandika barua pepe kwenda .com, oda inaangukia kwa mwenye hilo jina. Hesabu oda ngapi zinaweza kupotea hivyo kwa mwaka, ndiyo bei ya juu kabisa ya kutoa. Zaidi ya hapo ni fahari.

#8 Isevya (Tabora)

@Kwihara umemaliza. Niongeze tu: usimwandikie muuzaji mara tano kwa akaunti tofauti ukijifanya watu watano. Anaona foleni, anapandisha.

#9 Ujiji_Digitali (Kigoma)

Mkikubaliana bei, namna ya kukabidhiana ndiyo yenye mashimo. Kwa muuzaji wa mbali tumieni eskro: mtu wa tatu anashika hela mpaka jina limefika. Escrow.com iko tangu 1999. Masoko kama Sedo na Afternic yana utaratibu wao ndani. Ukienda kwa Escrow.com mwendo ni huu.

Kabla ya lolote mnaandika nani analipa ada ya eskro na mnunuzi ana siku ngapi za kukagua. Hapa ndipo ugomvi huanzia, si kwenye bei. Mnunuzi anaingiza hela. Kutoka Tanzania mara nyingi ni uhamisho wa benki, na benki itakuuliza ni malipo ya nini, hivyo uwe na ankara. Jina la akaunti ya benki lilingane na jina la akaunti ya eskro. Ukilipa kwa akaunti ya shemeji, hela inakaa wiki nzima ikihojiwa. Ada za benki za katikati zinaweza kumega dola kadhaa njiani, eskro ikisema imepungukiwa, kila kitu kinasimama. Agiza ada zote zibebwe na wewe unayetuma.

Eskro ikithibitisha imepokea, na si kabla, muuzaji anahamisha. Njia ni mbili. Kama nyote mna akaunti kwa msajili mmoja, anakusukumia jina ndani kwa ndani, dakika chache tu. Kama ni wasajili tofauti, anafungua kufuli (hali inayosomeka clientTransferProhibited lazima iondoke), anakupa msimbo wa uhamisho, unauingiza kwa msajili wako, na unasubiri hadi siku 5 isipokuwa aidhinishe mapema. Uhamisho wa .com unaongeza mwaka mmoja, ila jumla haiwezi kuvuka kumi.

Kinachokwamisha: jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida linafungwa. Kubadilisha jina la mwenye usajili kunaweza pia kuwasha kufuli la siku 60, kwa hiyo muuzaji asiandike jina lako kwanza "kukusaidia" halafu ndiyo mhamishe. Hamisha kwanza, badili baadaye. Kwa haya yote ushauri wangu ni mfupi: fungua akaunti kwa msajili wa muuzaji, pokea humo, tulia miezi miwili, kisha hama ukipenda.

Ukishapokea: nywila mpya, uthibitisho wa hatua mbili, washa kujihuisha, na barua pepe ya akaunti ISIWE ya jina hilohilo. Jina likizima na barua inazima, na ujumbe wa kukuokoa unatumwa kwenye sanduku lililokufa.

#10 Isevya (Tabora)

Hayo ni ya ng'ambo. Wa hapa kwa hapa tunauziana vibaya mno.

Kosa kubwa ni kuuziana akaunti badala ya jina. Muuzaji anakupa barua pepe na nywila, unatuma hela kwa simu, mnapeana mikono. Barua ile ina namba yake ya simu ya kuokolea akaunti. Miezi sita baadaye anaomba nywila mpya na jina limerudi kwake. Kila jina lisukumwe kwenye akaunti uliyoifungua WEWE. Asipotaka, ondoka.

Kwa .co.tz yote yanapita kwa wasajili walioidhinishwa. Nendeni mbele ya wakili na karatasi moja ya mauzo: jina kamili na kimalizio chake, bei, tarehe, vitambulisho, na sentensi kwamba muuzaji anaachia na tovuti, barua pepe na kurasa za mitandao, au haachii. Wengi husahau kurasa. Unanunua jina, ukurasa wenye wafuasi unabaki kwake anauza mawese yale yale.

Na bei iwe shilingi. Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa dola kwa mauzo ya ndani ya nchi. Mtu wa Nzega anayemuuzia mtu wa Urambo kwa dola anajitafutia kesi bure.

#11 Mwandiga (Kigoma)

Kuna bei nyingine mbaya isiyohusiana na soko. Fundi wa tovuti anasajili domeini ya hoteli, shule au SACCOS kwa jina lake mwenyewe, na miaka mitatu baadaye mkigombana anataja milioni mbili. Hiyo si biashara ya majina, huo ni utekaji.

Kwenye mfumo, mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Risiti ya kumlipa fundi haikufanyi kuwa mwenyewe, ingawa ni ushahidi. Kwa hiyo unapompa kazi, fungua akaunti ya msajili kwa barua pepe ya taasisi, lipia mwenyewe, na mpe fundi ruhusa ya kiufundi tu, au umwekee nemuseva (seva zinazoelekeza jina kwenye tovuti) anazotaka. Kama mambo yameshaharibika, kusanya hati ya BRELA, ankara, mazungumzo yenu na nakala za kurasa za zamani, andika kwa msajili kwanza kwa upole. Usitangulize kelele za mitandaoni: fundi akiogopa anazima tovuti na barua pepe, nawe bado huna jina.

Na mafundi mnaosoma hapa, kumsajilia mteja kwa jina lako "kwa sababu hana kadi" hakukufai hata wewe. Yakitokea ya kutokea jina linahesabiwa mali yako, na mdai wako analiona.

#12 Behewa_la_Tatu (Tabora)

@Kwihara uligusia mtu aliyesajili jina baada ya BRELA. Hapo inakuwaje?

#13 Kwihara (Tabora)

Kwa .com na wenzake kuna UDRP, utaratibu wa tangu 1999. Kesi nyingi huenda WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, kwa maandishi, hakuna kusafiri. Mlalamikaji athibitishe vitu vitatu, vyote: jina linafanana hadi kuchanganya na alama yake ya biashara, mwenye jina hana haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na lilisajiliwa NA likatumiwa kwa nia mbaya. Ukikosa kimoja umeshindwa.

Ada ya WIPO kwa jina moja hadi matano ni dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, 4,000 kwa watatu, nje ya wakili. Ukishinda unapewa jina au linafutwa, hupewi hata senti ya fidia. Kwa hiyo mama wa Kibirizi akiombwa dola 1,200, kesi ni ghali kuliko kununua. Hilo wauzaji wanalijua na hupanga bei chini kidogo ya ada.

Angalizo kubwa: kuandikisha jina la biashara BRELA si sawa na kuandikisha alama ya biashara. Ni madaftari mawili. Na neno kama "asali" kwa duka la asali halikupi nguvu, kwa kuwa linaeleza bidhaa yenyewe. Pia jina lililosajiliwa kabla ya alama yako kuwepo ni vigumu sana kuitwa la nia mbaya. Ukilazimisha, waamuzi wanaweza kutamka kwamba ni wewe uliyejaribu kumpora mwenzako, na uamuzi unachapishwa.

Kwa upande wa pili, anayesajili jina la kampuni ya simu au benki akidhani "watanitafuta": watakutafuta kweli, ila kwa barua ya wakili. Na ukishawaandikia wewe kwanza kuwauzia, umejitengenezea ushahidi wa nia mbaya.

#14 AsaliMbichi (Tabora)

Za matapeli haraka haraka, maana ukitangaza jina tu wanaanza kufika.

"Mnunuzi" anatoa bei nono kuliko uliyoomba, ila anataka kwanza cheti cha thamani kutoka tovuti fulani anayoitaja yeye. Unalipia cheti, mnunuzi anayeyuka. Tovuti ni yake.

Barua inayodai kuna kampuni Uchina inataka kusajili jina lako kwa vimalizio vya kule, uwahi ndani ya siku chache. Futa.

Ankara ya kuhuisha kutoka kwa kampuni usiyoijua, bei mara tatu. Wanasoma tarehe yako ya kuisha. Huisha ndani ya akaunti yako tu, usibonyeze kiungo.

Eskro ya bandia. Anakutumia kiungo cha eskro "anayoiamini". Anwani ina herufi moja ya ziada. Andika anwani mwenyewe kwa mkono.

#15 Mama_Kibirizi (Kigoma)

Asanteni sana wanangu. Nimetazama, limesajiliwa 2011 na halijawahi kuwa na kitu cha aibu. Swali la mwisho: pale pale wameandika naweza kulipa kidogo kidogo kwa miezi 24. Ni mtego?

#16 Ujiji_Digitali (Kigoma)

Si mtego, mama, ila soma masharti. Jina linashikwa na mtu wa kati, wewe unalitumia tangu mwezi wa kwanza, linakuwa lako baada ya awamu ya mwisho. Ukikosa awamu linarudi kwa muuzaji na ulicholipa hakirudi. Jumla huwa juu kuliko kulipa mara moja, kwa hiyo uliza bei zote mbili. Kadi ya mtandaoni unayolipia iwe na salio siku ya makato, maana kushindwa mara moja kunaweza kufungua mlango wa kunyang'anywa. Uliza pia nani analipa ada ya mwaka ndani ya hiyo miezi 24, na kama unaweza kumaliza mapema bila faini.

Halafu usibandike jina hilo kwenye magunia, kwenye gari na kwenye mabango kabla hujamaliza. Tumia .co.tz kama jina kuu, .com ielekeze huko. Siku ukikwama awamu ya 19 wateja hawatajua kama kuna kilichotokea.

#17 Mwandiga (Kigoma)

Na siku ya kuhamisha mwambie fundi mambo mawili. Siku moja kabla, ashushe TTL ya rekodi (muda ambao mitambo inakumbuka anwani ya zamani) hadi sekunde 300, ili mabadiliko yasambae haraka. Na kama DNSSEC (muhuri wa usalama wa jina) imewashwa upande wa muuzaji, izimwe na rekodi yake ya DS iondolewe KABLA ya kubadili nemuseva. Ikisahaulika, tovuti inafunguka kwa baadhi ya watu na kwa wengine haifunguki kabisa, na mnaweza kukesha siku mbili mkilaumu mtandao wa simu.

#18 Mama_Kibirizi (Kigoma)

Nimeandika kwenye daftari. Nimewapelekea ofa ya 1,300, nimenyamaza kama mlivyosema.